Masikio ya Ndama wa Zizi la Tatu

Mama yangu amelisha swala wa kufugwa miaka ishirini na mbili, halafu meneja wake, mtu wa kuvaa tai tu, anamwambia hajui anachokiona. Acha niseme mimi, maana yeye anajizuia na mimi siwezi.

Kwenye bustani yao ya wanyama, zizi la tatu lina palahala, la nne lina korongo. Wote ni swala wakubwa, pembe zimepinda kwenda nyuma, na ndama wao wanazaliwa na rangi ileile ya udongo. Mgeni hawatofautishi ng'o. Mama anaangalia masikio. Ya korongo ni marefu, nchani yana kishungi. Ana kamba aliyoifumua kwenye gunia la lishe. Kila ndama wa palahala akitimiza miezi minne anampima sikio, anapiga fundo linapoishia.

Mwaka jana dume la korongo lilivunja mlango, likakaa zizi la tatu siku mbili. Mama akaripoti. Meneja akamjibu, "Hakuna kilichotokea, mama. Funga mlango." Basi akazaliwa ndama dume, na jike lililomzaa halikuwa na maziwa. Mama akamlea kwa chupa. Nyumbani tukamtania kwamba ametuletea kitindamimba.

Miezi minne ilipotimia, sikio la ndama lilipita mafundo yote. Chotara! Na meneja alishamwandikia karatasi ya palahala halisi, apelekwe shamba jingine, akikua apande majike thelathini. Mbegu yote ya kule ingechafuka.

"Nikisema, watamhasi," Mama alituambia mezani, chakula hajakigusa. "Nikinyamaza, nimewaharibia kundi zima. Mshenzi yule kaniweka pabaya!"

Daktari wa wanyama alipokuja kusaini, Mama alisema. Meneja akacheka. "Huyu kazi yake ni majani, daktari." Mama akamtia daktari kamba mkononi, akamshika ndama kichwa. "Pima mwenyewe."

Daktari akapima mara mbili, kisha akauliza kama dume la korongo liliwahi kuingia humo. Meneja akasema hana taarifa. Hana taarifa! Mtu mzima, macho makavu, na Mama kasimama palepale!

Daktari aliichana ile karatasi. Meneja akaambiwa siku nyingine awe mwangalifu, basi, yakaisha. Ndama akapangiwa kuhasiwa Alhamisi, na meneja huyohuyo, bila haya, akamwita Mama aje amshike, eti kwa mtu mwingine hatulii.

Akamshika. Ndama alimnyonya kidole akidhani chupa inakuja, mpaka dawa ya usingizi ikamlegeza.

Mama alirudi nyumbani na koti la kazi lina damu mikononi. Nikamwambia pole, lakini umetenda haki. Akanigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Haki gani? Aliyeongopa ni meneja, aliyehasiwa ni ndama!"