Perez na Ini la Shemeji Yake

Wilkista aliposhuka kwenye lori pale Malaba na kuuliza hoteli ya Perez iko wapi, watu walimwonyesha kwa kidole tu. Kila dereva aliyekwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda alipajua: kibanda cha mabati karibu na reli, chapati asubuhi, ugali kwa omena mchana, na mwenyewe mwanamke mrefu asiyecheka ovyo.

Perez alikuwa anasonga ugali. Alimtambua mgeni mara moja. Ni mke wa Okwara, na Okwara ni mdogo wa marehemu mume wake. Hawakuwa wameonana tangu mwaka wa sabini na moja, siku Perez alipofukuzwa Mundika, kijijini kwa mumewe. Hakuacha mwiko.

Wilkista alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya madereva. "Dada Perez, nakuomba. Mfungue."

"Nimfungue nani?"

"Okwara. Tumbo limefura, miguu imefura, macho yamekuwa manjano. Anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Tumemaliza waganga. Nyumbani kila mtu anasema ni wewe umemfunga. Chukua unachotaka, lakini mfungue."

Perez aliendelea kugeuza ugali. Moyoni aliona utamu, utamu mbaya, na hakuona haya kuuonja.

Maana alikuwa amewahi kulitazama tumbo kama hilo. Mumewe, Titus Wandera, alikuwa mpakua mizigo pale forodhani, mtu mpole mwenye kosa moja: chang'aa. Alikunywa kila jioni na Okwara, ndugu wawili chupa moja. Kisha tumbo likaanza kumvimba. Ikafika wakati analala mchana kutwa, anamwita Perez kwa jina la mamake, na akinyoosha mikono viganja vinapigapiga kama mbawa za kuku anayeshikwa. Asubuhi moja alitapika damu, akaenda.

Siku ya mazishi Okwara alisimama kando ya kaburi akasema, "Ndugu yangu amelishwa kitu." Hakutaja jina. Watu wote waligeuka wakamtazama Perez. Kabla jua halijazama nyumba yake ilikuwa inawaka, na Wilkista huyuhuyu ndiye aliyekuwa akizitupa sufuria zake nje ya boma. Perez aliondoka na nguo aliyovaa. Okwara akapanda mihogo kwenye shamba la marehemu.

Miaka ikapita Malaba. Aliosha vyombo vya watu mpaka akapata vyake. Halafu dereva mmoja mteja wake, mtu wa Nakuru, akavimba vilevile. Alitibiwa katika hospitali ya misheni na daktari Oluka, mtu wa kabila la Wateso aliyekimbia Uganda mambo yalipoharibika kule. Dereva aliporudi alimweleza Perez kwamba ni ini, limekauka na kuwa gumu kwa sababu ya pombe. Perez alikaa juu ya jerikeni akahesabu kwa vidole dalili za Titus. Titus hakulishwa kitu. Na ni nani Mundika angemsikiliza yeye akisema hivyo?

Sasa wamekuja wenyewe.

"Nitamfungua," alimwambia Wilkista. "Lakini mtampeleka hospitali nitakayowaambia. Na akiwa huko, asile kitu ambacho sijakubali mimi. Hata maji."

Wilkista alikubali yote. Alidhani hayo ni masharti ya uchawi.

Daktari Oluka hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtoa Okwara damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akawa anakiinamisha mara kwa mara. Kando yake aliweka damu yake mwenyewe katika kichupa kingine. Ya daktari iliganda ikatulia. Ya Okwara ilikuwa bado inateremka kama chai.

"Unaona, mama?" alimwambia Perez. "Kinachogandisha damu hutengenezwa na ini. Ini likichoka, damu ndiyo inasema kwanza. Huyu mishipa ikipasuka ndani, hatuwezi kuizuia."

Damu nyingine ilipimwa nyongo na protini, na maji ya tumbo yakavutwa kwa sindano. Kila jibu lilirudi na habari ileile. Kisha daktari akamwambia Okwara anyooshe mikono, na viganja vikapigapiga. Perez ilibidi atazame ukutani.

Kipimo cha mwisho kilikuwa njiti za kiberiti. Daktari alipanga njiti tano kitandani zikawa nyota, akazivuruga, akamwambia Okwara apange kama zile. Okwara alizirundika kama kuni, akacheka.

"Taka ambazo ini lingesafisha zimepanda kichwani," daktari alisema. "Tutamsafisha tumbo, tumpe dawa. Uji, ndizi, sukari. Nyama na maharagwe kwa sasa ni sumu kwake."

"Sumu?" Perez alisema. "Daktari, kwamba hakulishwa kitu na mtu, utalisema mbele ya watu nikikuomba?"

Tangu siku hiyo alihamia pale wodini. Hoteli alimwachia Benta, msaidizi wake. Alimlisha Okwara uji kwa kijiko, akamgeuza, akaosha mashuka yake. Kila asubuhi daktari alileta njiti. Siku moja Okwara alipanga pembe mbili za nyota, siku nyingine tatu. Kisha jamaa zake wakamwingizia nyama ya mbuzi kwa siri, na kesho yake hakujua hata njiti ni kitu gani. Perez aliokota bakuli la nyama akawafuata nje hadi getini, akawamwagia mchuzi miguuni.

"Mama, unampenda sana mgonjwa wako," daktari alisema.

"Simpendi. Ninamtaka awe na akili timamu. Mtu akiungama akiwa amerukwa, nani atamwamini?"

Daktari alikusanya njiti zake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ikaja asubuhi ambayo Okwara aliipanga nyota yote. Daktari aliivuruga, na Okwara akaipanga tena bila kusaidiwa. Siku hiyohiyo Perez alituma habari Mundika, na Jumapili baada ya kanisa mzee Vitalis, mkubwa wa ukoo, akaja na watu wa boma wakajaa kando ya kitanda. Daktari aliwaeleza habari ya ini, ya damu isiyoganda, ya mikono na kichwa kuvurugika. Akasema hakuna mkono wa mtu hapo, ni chupa.

Mzee Vitalis aliuliza polepole, "Na marehemu Titus? Si alikuwa hivihivi?"

Perez aliinama karibu na sikio la Okwara. "Sema, shemeji. Nimekuosha mavi ili useme."

Okwara alilia kwanza. Kisha akasema, na sauti ilikuwa safi, kila mtu aliisikia. "Perez hakumlisha ndugu yangu kitu. Mimi ndiye nilikuwa nakunywa naye, nilijua. Nilisema vile kwa sababu ya shamba." Akashika gauni la Perez. "Shemeji, nisamehe."

"Sikuwaita kwa ajili ya msamaha," Perez alisema. "Niliwaita wasikie."

Akajinasua, akatoka. Nje alisimama kwenye jua. Alingoja furaha kubwa imjie. Ilikuja ndogo tu, lakini aliikubali.

Shamba lilirudi kwake. Okwara naye alirudi nyumbani, na kabla mahindi hayajakomaa akairudia chupa. Mishipa ikapasuka ndani kama daktari alivyosema.

Perez alikwenda kwenye mazishi akiwa amevaa gauni jipya, akakaa mbele, mahali pa wake wa boma. Sala ilipokwisha, shangazi mmoja wa marehemu akaanza kunung'unika kwamba mtu hafi hivihivi, kwamba kuna aliyempa kitu. Macho ya watu yakaanza kuelekea kwa Wilkista.

Perez alisimama. "Nani amesema? Arudie, nimwone mdomo."

Shangazi alijifunika mdomo kwa leso.

"Mlisikia kwa masikio yenu wodini. Yeyote atakayelitamka tena neno lile katika boma hili, nitampeleka kwa chifu, na mzee Vitalis atakuwa shahidi wangu. Sivyo, mzee?"

"Ndivyo, mama," mzee Vitalis alisema, akitazama chini.

Chakula kikaletwa. Wilkista alikuwa amejikunja kwenye mkeka, hagusi kitu. Perez aliketi kando yake akamsukumia sahani.

"Kula," alisema. "Na usinishukuru. Wewe na mimi bado hatujamalizana."