Ufunguo wa Mpira wa Upepo

Karakanani walimwita Mama Boriti, na hawakukosea. Wafagiaji wengine hutazama chini. Shoga yangu huyu alitazama juu. Kila mchana mashine za msasa zikizimwa, alisimika ngazi, akapanda na ndoo na matambara yaliyolowa, akafuta boriti moja baada ya nyingine. Sisi tulitengeneza viti na meza, na vumbi la mbao halina kwao, linatua popote.

"Mama Boriti, ukimaliza mwogeshe na mjusi!" mafundi walimpigia kelele.

"Mjusi msafi kuwazidi nyinyi," aliwajibu. "Chekeni tu. Gogo mpaka uliwashe utatoka jasho. Lisage liwe vumbi, lirushe hewani, likutane na cheche moja: hutawahi hata kusema mama."

Ndiyo maana mpira wa kompresa, ule unaotoa upepo, ulifungiwa kabatini. Kupuliza vumbi nao ilikuwa marufuku. Ufunguo ni mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa fomeni, msimamizi wetu. Na fomeni ni nani? Mdogo wake Mama Boriti, tumbo moja. Dada alimbeba mgongoni, akaacha shule ili yeye asome, akamwombea na kazi. Hata kamba nyekundu ya ufunguo aliisuka yeye.

Likaja agizo la madawati, tukakimbizana. Fomeni akachukua ngazi akawapa wapaka rangi. Siku nne boriti hazikuona tambara. Dada akabonyeza kidole juu ya fremu ya dirisha, ukucha ukazama vumbini. Kwake hicho ndicho kipimo: ukucha ukizama, mashine zizimwe.

"Mdogo wangu, nirudishie ngazi."

"Kesho, dada. Mbona unanisukuma kama mama mkwe?"

Hiyo kesho ndiyo siku ambayo mkaguzi wa usalama kazini alitarajiwa saa nane. Saa saba tuko uani tunakula, nikasikia fyuuu kutoka ndani. Tulitazamana. Mtu anasafisha sakafu kwa upepo, na fundi mmoja bado yuko kwenye msasa anamalizia dawati!

"Zima!" Shoga yangu alikuwa ameshafika mlangoni.

Kishindo kilimrudisha uani chali. Madirisha yalitoka na fremu zake. Fundi wa msasa tulimtoa mikono yote miwili imebabuka. Fomeni alitokea mlango wa nyuma, anakohoa.

Mkaguzi alitukuta bado tunamwaga maji. "Nani alipuliza vumbi?"

Mama Boriti alisogea mbele. Namjua. Alikuwa ameshaamua kumbeba tena yule mtoto mgongoni.

"Bwana mkaguzi, mimi sikuona mtu, labda mashine..."

Hajamaliza, fomeni akanyoosha kidole. "Ni huyu mfagiaji. Nimemwonya mpaka nimechoka."

Huyu mfagiaji! Si dada, si hata Mama Boriti. Mtu wa kupanda ngazi miaka kumi na moja, leo anabandikwa jina la mchomaji. Alimtazama mdogo wake kama anayejiuliza alimwona wapi. Kisha akasema taratibu:

"Bwana mkaguzi, muulize huo mpira ulitokaje kabatini."

Macho yote yalikwenda shingoni mwa fomeni, kwenye ile kamba nyekundu.

Fomeni alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Mama yao mzazi alimpiga marufuku binti yake kukanyaga kwake. "Umemnyonga mwenzio kwa kamba uliyoisuka mwenyewe," alimwambia. Kuhusu kidole kile kilichonyooshwa, mama hakuuliza.

Sasa ngazi ina mnyororo wake, haiazimwi. Shoga yangu ndiye mshika ufunguo; kamba aliitupa, ufunguo anaufunga kwenye pindo la nguo. Mchana anapanda kama zamani, ila mafundi hawamtanii tena. Jana, nimemshikia ngazi, nikajaribu mimi.

"Mama Boriti, mjusi hajambo?"

Hakucheka. Alisimama kwenye kipandio cha tatu, akanitazama mikono.

"Shika vizuri," akasema. "Usije ukaniachia na wewe."