Ubao wa Mbalizi Ulipofika Iringa

Kazi inayonilisha uzeeni ni kuandika programu za kompyuta, hasa ile sehemu ambayo mtu huiona na kuigusa: vitufe, picha, madirisha. Sharti langu ni moja. Programu ifunguke kwenye kompyuta ya aina yoyote na mtumiaji asilazimike kujifunza upya. Naziandika kwa lugha ambayo programu nzima hujengwa kwa kanuni ndogondogo. Ukiipa kanuni kitu kilekile, inakurudishia jibu lilelile, haijali kilichotangulia. Vijana wakiniuliza mawazo hayo niliyapata wapi, nawaambia niliyapata kwenye mashine za kusaga, Mbalizi na Iringa, miaka ya sabini. Wanadhani nawatania.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kuchomelea Mbeya, nikihudumia mashine mbili za ushirika. Ya Mbalizi, nje kidogo ya mji wa Mbeya, ilitoka Uingereza, ya Iringa ilitoka China, na hazikufanana hata kwa boliti. Mwendeshaji aliyezoea moja alikuwa mgeni mbele ya nyingine. Kwa kila mashine nikatengeneza ubao wa bati nene wenye mipini mitatu, na juu ya kila mpini nikachora picha. Gurudumu lilikuwa la kuunganisha mkanda wa injini, hindi la kufungua mlango wa mahindi, na gunia la kutoa unga. Mpini ukiwa juu, kitu kimefungwa. Ukivutwa chini, kimefunguka. Basi. Mwendeshaji hakuwa na haja ya kujua nyuma ya ubao kuna nini.

Nyuma ndiko kulikokuwa na kazi. Mlango wa mahindi wa Iringa ulifunguka kinyume na ule wa Mbalizi, kwa hiyo huko nilipishanisha nondo mbili zilizounganisha mpini na mlango ili mwendo wa mpini ugeuke. Kwa macho zilionekana kama zimefungwa na mlevi, lakini ndizo zilizofanya mashine mbili ziwe na sura moja.

Mwendeshaji wetu wa Mbalizi alikuwa mama wa Kinyakyusa, mwepesi wa mikono na wa maneno. Mumewe alihamishiwa kazi Iringa. Mshahara wa mume peke yake haukutosha kuweka nyumba huko, hivyo mama akaomba nafasi kwenye mashine ya Iringa. Mwenyekiti wa kamati ya mashine akatoa sharti: asage debe moja mbele ya watu bila kuonyeshwa kitu. Akishindwa, atarudi Mbeya na watoto, na mume atabaki kwenye chumba chake cha kupanga, akila hotelini.

Tulisafiri naye kwa basi. Asubuhi ya jaribio ilikuwa ya Julai, upepo wa Iringa unapenya hadi kwenye mifupa, na akina mama walikuwa wamejipanga na mahindi yao, wamejifunika vitenge hadi masikioni.

“Kamwene!” walimsalimu Kihehe.

“Ugonile!” akawajibu Kinyakyusa.

“Ee, ndizi zimefika!” mmoja akapaza sauti, akiwatania Wanyakyusa na migomba yao, foleni nzima ikacheka.

“Ndizi hazisagwi, dada. Lete mahindi.”

Alisimama mbele ya ubao, akautazama, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Injini ikawashwa. Debe la mahindi likamiminwa juu. Akavuta mpini wa gunia, kisha wa gurudumu, mkanda ukashika. Kabla hajaugusa mpini wa hindi, mashine ikanguruma kwa uzito na unga mweupe ukaanza kumwagika guniani. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti, mzee wa koti refu la mtumba, akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama akarudisha mpini wa gurudumu juu. Mashine ikatulia.

“Unga unatoka, mama. Unazima nini?” mwenyekiti akauliza.

“Mpini wa hindi sijaugusa, ndugu mwenyekiti. Uko juu. Mahindi yameshuka yenyewe.”

“Sasa si afadhali? Umepunguziwa kazi!”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

“Kesho nikiumwa, atasimama mwenzangu hapa. Ataona mpini uko juu, atajua pamefungwa, ataingiza mkono kutoa gunzi lililokwama. Mkono huo utaulipa wewe?”

“Na mimi nikisema umeshindwa?”

Mama akageukia mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, akimkonyeza amalize tu. Kumalizia debe lile kungemchukua muda mfupi sana.

“Sema,” akajibu. “Lakini ubao ufunguliwe kwanza. Hapa mbele hakuna kosa. Nyuma kumeguswa.”

Hakuna aliyesogea isipokuwa fundi wa pale, mzee mpole aliyekuwa akiitunza mashine tangu ilipofungwa. Alikuja na spana yake, akanitazama kwa huruma kidogo.

“Kijana, nilipokuwa natia grisi nilikuta nondo zako zimepishana. Nikazinyoosha. Nilijua ulikuwa unawahi basi.”

“Zilitakiwa zipishane, mzee.”

“Zipishane?” Akainama nyuma ya ubao, akausukuma mpini mwenyewe, akautazama mlango wa mahindi, akausukuma tena. “Aa. Kumbe.” Tukazipishanisha pamoja, yeye akishika na mimi nikikaza.

Mama akaanza upya. Gunia, gurudumu. Mkanda ukazunguka mtupu, hakuna punje iliyoshuka. Akavuta mpini wa hindi, mahindi yakashuka. Akaurudisha juu, yakakoma. Mwenyekiti akasogea, akaomba kujaribu. Akavuta, yakashuka. Akasukuma, yakakoma. Akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi foleni ikaanza kunung’unika.

Hatimaye akajifuta unga kwenye koti, akawageukia wale akina mama. “Nyoosheni foleni. Mama huyu hapendi mchezo.” Kisha akamwambia mama mwenyewe, kwa sauti ya chini lakini tulisikia, “Mwambie mumeo asile tena hotelini.”

Mume akavaa kofia yake. Mama alikuwa ameshageukia foleni.

“Haya, nani alisema ndizi? Lete debe lako, tuanze na wewe.”