Wimbo Aliouchagua Mama

Mama yangu hasifu. Ukimpikia pilau ikatoka chembe chembe, atasema hewala. Ukimwambia umefaulu mtihani, hewala. Siku kaka yangu alipomleta mchumba wake, binti wa mgema wa Kaloleni, nyumba nzima ilishika pumzi, na Mama akasema hewala, mpeni mgeni kiti. Iko njia moja tu ya kujua kama kitu kimemwingia moyoni. Akiketi juu ya mbuzi kukuna nazi huimba puani, mdomo kaufumba, na wimbo anaouimba ni ule uliompendeza. Haombwi, na ukimwuliza atakwambia hakuwa akiimba.

Niligundua hilo nikiwa msichana wa madrasa. Nilisoma kaswida kwenye maulidi ya mtaani kwetu hapa Malindi, na kesho yake nikaisikia kaswida yangu ikitoka jikoni, nazi nzima, mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo nikajihesabu kuwa mwenye sauti wa ukoo. Harusi ikiwapo, nyimbo za kumtoa biharusi hutunga mimi. Watu wa nyumbani walizoea, nami nilizoea zaidi yao.

Kwa hiyo niliponunua kile kidude cha kijivu, nilijua nakinunua kwa ajili ya nani. Nilikikuta kwa muuza mitumba ya umeme karibu na soko, kimelala kati ya pasi mbovu na rimoti zisizo na televisheni. Ni kile cha zamani cha kuchezea gemu mkononi, kioo chake rangi ya maji ya mchicha, kinakula mawe manne ya tochi. Nilikuwa nimeona mtandaoni watu wakikitungia muziki, nikapenda mlio wake mkavu wenye ujeuri, kama kengele ya baiskeli iliyokwenda shule. Kaseti ya kutungia niliiagiza, ikachelewa hadi nikaikatia tamaa, kisha ikaja.

Kinanda cha harusini nakijua kidogo, nikadhani hiki nacho kitanijua. Wapi. Hakina vibonye vya kinanda. Kina safu ya mistari kama ngazi, kila ngazi unaandika noti, nacho kinashuka kikisoma. Hesabu zake ni za kichawi: baada ya tisa haiji kumi, yaja A. Sauti zake ni nne tu. Mbili ni za filimbi, ya tatu ni nzito ya chini, na ya nne haina noti kabisa, ni chakarachakara kama redio isiyoshika stesheni. Hiyo ya nne niliidharau tangu mwanzo, nikaiacha tupu.

Nilichotaka mimi kilikuwa taarabu yenye madoido yake yote. Nilijaza kila ngazi noti, na pasipoingia noti nilitia kikolombwezo. Nilivaa visikizi vya masikioni, nikaketi chumbani alasiri baada ya alasiri, na nilipomaliza wimbo nikauweka kwenye spika ndogo dirishani pa jikoni, Mama akiwa anapika.

"Hewala," alisema. "Punguza kidogo, mwanangu, simsikii muuza samaki."

Nikatunga mwingine, na mwingine. Mama alikuna nazi zake akiimba tangazo la sabuni la redioni.

Wifi yangu alikuwa ameshahamia kwetu wakati huo, kaka akiwa kazini kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni na kurudi mwisho wa juma. Ni mwanamke wa kucheka kwa sauti, anayekaa jikoni hata pasipo kazi. Alinikuta siku moja nimenuna juu ya kidude, akaketi kando yangu bila kukaribishwa.

"Wifi, nami nionyeshe."

Nilimwonyesha juu juu, kwa namna mtu anavyomwelekeza mgeni njia asiyotaka afike. Aliuliza ile sauti ya nne inafanya nini. Nikamwambia haifanyi kitu, ni makelele. Akaibonyeza, chwa, akaibonyeza tena, akaikata fupi. Akatabasamu, akasema kwa lugha ya kwao, "Vidzo." Nikajua amependezwa, nikashangaa kipi kimempendeza.

Basi akawa anakiazima asubuhi nikiwa kazini, kwenye duka la kutolea nakala. Nikirudi namkuta jikoni na Mama, kidude mapajani, na ndani yake hamna filimbi wala sauti nzito, ni ile chakarachakara peke yake. Chwaa, chwaa, chwa-chwa-chwa. Nilicheka. Kaka aliporudi nikamwambia, "Mkeo anatunga mvua." Tulicheka sote, naye wifi akacheka kutushinda. Baadaye akaongeza filimbi moja, noti tatu zilizokuwa zikipishana juu ya yale makelele. Nilimsikiliza nikaona kosa la mwanagenzi.

"Hapa umeacha pengo," nikamwambia. "Mwendo unakatika. Lete nilizibe."

"Uache tu, wifi."

"Utasikika umekosea."

"Uache."

Niliuacha kwa furaha. Anayetaka kuaibika mwache aaibike.

Nilikuwa nikipiga pasi chumbani nilipousikia wimbo wake ukitoka jikoni. Sikuusikia kwenye spika, maana kidude nilikuwa nacho mimi, kitandani, kimezimwa. Ulitoka puani pa Mama. Zile noti tatu, zikapanda, zikashuka, zikangoja pale pengoni, zikaendelea. Nazi nzima, mwanzo hadi mwisho.

Nitalisema kama lilivyokuwa. Niliona wivu. Nimeona wivu mwingine maishani, wa nguo, wa wachumba, wa mwenzangu kazini aliyepewa meza ya dirishani, lakini ule ulikuwa na meno. Mimi nilikaa na kile kidude hadi kidole gumba kikaota sugu, na mtu aliyekuja juzi na mabegi mawili akaingia mahali nilipokuwa nikibisha hodi. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliunguza kanzu ya kaka kwa pasi, na sikusikitika.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilikificha kidude, nikasema mawe yamekwisha. Wifi akaenda akanunua mawe. Kaka akaona jinsi ninavyokaza uso mezani, akanitania, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikamwambia ale wali wake. Mwishowe nikamfuata wifi uani alikokuwa akianika nguo.

"Ule wimbo umeuiba wapi?"

Hakukasirika, na hilo nalo lilinikera. Alikitoa kibanio mdomoni.

"Kwa mama," alisema. "Kwani wewe hujawahi kumsikia akikuna?"

Nilimwona mjinga. Nimezaliwa katika nyumba ile. Alasiri hiyo, hata hivyo, niliacha visikizi chumbani nikaenda kukaa kizingitini pa jikoni. Mama alivunja nazi, akaketi juu ya mbuzi, akaanza. Mikuno miwili mirefu. Mitatu mifupi, akifuata ukingo. Kisha kimya kidogo, akakigeuza kifuu mkononi, akaanza tena. Chwaa, chwaa, chwa-chwa-chwa, na pengo. Lile pengo nililotaka kuliziba lilikuwa mkono wa Mama ukigeuza kifuu. Nilikaa pale hadi akamaliza, akaniuliza kama nina njaa.

Wivu haukwisha kwa kujua. Ulizidi, kwa sababu sasa sikuwa na wa kumlaumu. Ningeweza kusema wifi ana bahati, au Mama anajipendekeza kwa mkwe, lakini mwenye masikio yaliyozibwa ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi. Nilijaribu kutunga wa kwangu wa kukuna. Ulitoka kama wimbo wa mtu aliyesimuliwa nazi.

Mvua za masika zilipoanza bega la Mama lilikaza. Mkono wa kulia haukupanda juu ya kiuno, na daktari akasema asikune, asifue, asibebe ndoo. Tukaanza kununua tui la pakiti. Mara ya kwanza Mama alilionja kwa ncha ya ulimi akasema hewala, lakini hakurudia kuonja. Jumapili moja nikavunja nazi nikaketi mwenyewe juu ya mbuzi, kumfurahisha. Alinitazama kutoka mlangoni.

"Waharakisha," alisema. Kisha akaondoka, na nikakuna nazi iliyobaki nikiwa peke yangu.

Mbuzi tuliikunja tukaitundika ukutani. Mama aliacha kuimba, hata tangazo la sabuni. Nadhani hakujua kama ameacha, kama vile hakujua alipokuwa akiimba. Kaka alipata nyumba ya kupanga Gongoni, akamhamisha mkewe, na wifi aliondoka akicheka na kulia kwa pamoja, akiniagiza nimkumbushe mama dawa yake. Kidude hakukiomba. Kilikuwa changu, na wimbo wake ulibaki ndani yake, chini ya nyimbo zangu zote.

Niliwahi kuufungua nikiwa na kidole juu ya amri ya kufuta. Sikufuta. Si wema, niliogopa nikiufuta nitakuwa nimekiri kuwa ni mzuri.

Alasiri moja tulikuwa barazani, Mama kwenye kitanda cha kamba, mimi kwenye mkeka nikihangaika na noti zangu. Tui la pakiti lilikuwa likichemka ndani. Nilidhani Mama amesinzia.

"Hebu niwekee ule wimbo wangu," akasema.

Nilijua upi. Nikauliza, "Upi, Mama?"

"Wangu. Ule wa kukuna."

Basi alijua siku zote. Hakusema wa mkwe wangu, wala hakusema wako. Nilichomoa visikizi, nikautafuta chini kabisa ya orodha, nikabonyeza.

Chwaa, chwaa, chwa-chwa-chwa. Mkono wake wa kulia ulikaa mapajani bila kusogea. Lakini lilipofika pengo, ule wa kushoto uligeuka pole pole hewani, vidole vimepinda, ukigeuza kifuu kisichokuwapo. Raundi iliyofuata ukageuka tena, pale pale. Na kwenye raundi ya tatu akaanza kuimba puani.

Mimi ndiye niliyelelewa na mkono ule, na aliyeuweka akiba ni mwingine. Niliuona wivu wangu uko pale pale, haujakonda. Nyimbo za kidude hiki hazikomi zenyewe. Zikifika chini hurudi juu, zikazunguka mpaka mtu azibonyeze zisimame. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Tui lilifurika ndani, nikasikia likizima moto, na sikubonyeza.