Dada Saa Tisa Alikuwa Goreti

Redio yetu ilinuka ndagala. Mama aliiweka juu ya kabati la jikoni, palepale alipohifadhi mfuko wa wale dagaa wa ziwani tunaowaita ndagala, na kila ilipopata joto harufu ilitoka kwenye spika pamoja na muziki. Tulikaa Kibenga, mtaa wa Bujumbura ulio karibu na ziwa. Baba alikuwa karani wa wizara, na mama, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, alitulea kwa Kiswahili cha kwao. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila siku saa tisa alasiri niliacha chochote nilichokuwa nikifanya nikakimbilia jikoni, kwa sababu saa hiyo dada yangu Goreti alianza kuzungumza na jiji zima. Nasimulia hivi kama mtu aliyetulia. Sijatulia, nawaambia mapema.

Siku hizo watangazaji wa muziki hawakutumia majina yao. Kulikuwa na aliyejiita Mkwe wa Taifa, na mwingine Kapteni Bila Meli, ambaye alikohoa kabla ya kila wimbo. Wageni walidhani ni mbwembwe za vijana tu. Mbwembwe zilikuwepo, lakini jina la baba yako lilitosha kumwambia mtu wewe ni mtoto wa nani, umetoka mlima gani, na akuweke upande gani wa vita, hata kama hujawahi kushika jiwe. Goreti alipopata kazi ile, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alitafuta jina wiki nzima bila kuridhika. Mimi ndiye niliyempa. Nilimwambia ajiite Dada Saa Tisa, kwa kuwa ndiyo saa ambayo ningekuwa namngoja. Alicheka, akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mzito, na kesho yake nikalisikia jina nililolitunga likitoka juu ya kabati la ndagala. Nimepewa vyeti kadhaa maishani, na hakuna kilichonifurahisha kama siku ile.

Kipindi chake kilikuwa cha salamu. Watu walitumbukiza barua katika sanduku la mbao getini kwa kituo cha redio, naye akazisoma kati ya nyimbo: fulani anamsalimia shemeji yake, fulani anauliza hali ya rafiki aliyehama mtaa bila kuaga. Siku ambazo barabara zilifungwa, salamu hizo ndizo zilizowaambia watu nani bado yupo. Kulikuwa na sharti moja, kwamba mtangazaji hawasalimii watu wake. Mkurugenzi alilirudia sharti hilo kila wiki, mkurugenzi huyohuyo ambaye watoto wake, wakazi wa mtaa wa kitajiri wa Kinindo, walitakiwa heri ya siku ya kuzaliwa hewani kila mwaka, mmoja baada ya mwingine, na keki ikatajwa ni ya ladha gani.

Halafu mapigano yakashuka kutoka milima ya kusini hadi kwetu. Tulitoka nyumbani asubuhi na godoro moja, tukatembea mpaka mtaa wa Mutanga Sud, tukaishia katika uwanja wa shule pamoja na familia nyingine nyingi. Goreti alikuwa kazini, na barabara ya kurudi Kibenga ilifungwa nyuma yetu. Siku tatu hatukujua kama yu hai, naye hakujua kama sisi tu hai. Redioni walipiga muziki mtupu, hakuna aliyezungumza. Mama hakula. Alikaa juu ya godoro akiangalia lango la shule, na baba alipomletea uji aligeuza uso. Siku ya tatu, saa tisa, mzee mmoja jirani yetu pale uwanjani alifungua redio yake ndogo, na sauti ya Goreti ikatoka, imekauka kidogo.

"Hapa ni Dada Saa Tisa," alisema. Akaendelea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Mama, kama unasikia, ni mi, Goreti. Niko muzima, nalala huku ku redio. Kama muko wazima, mutume mutu aniambie."

Mama alimtazama yule mzee kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Kisha akaniambia, "Devota, unipe chakula." Alikula uji baridi akilia, na baba akaondoka papo hapo kwa miguu kwenda kituoni.

Tuliporudi Kibenga mkurugenzi alimwita Goreti akamfukuza. Maneno yake nayajua kwa sababu Goreti alimsimulia mama yote jioni ile, nami nilikuwa mlangoni. "Mademoiselle, redio haiko ya famille yako," alimwambia. Goreti hakubishana. Alijua amevunja sharti. Aliomba kitu kimoja tu, aondoke na jina lake, kwa sababu kituo kingine kilikuwa kimeshamwambia kwamba kinamtaka. Mkurugenzi akakataa. "Ile jina ni ya hapa. Saa tisa itafika kesho, na weye hauko."

Goreti alikwenda kwenye kile kituo kingine hata hivyo. Wakamuuliza atajiitaje. Aliposema hana jina, wakasema basi hawana nafasi, maana wasikilizaji walimjua Dada Saa Tisa, huyu Goreti hawakumjua. Na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Lile jina lilikuwa la kumkinga, na alipolihitaji kwa mara ya kwanza kwa ajili yake mwenyewe, likawa mali ya mwanamume ambaye hata hakulitunga. Jumatatu iliyofuata, saa tisa kamili, msichana mwingine akasema, "Hapa ni Dada Saa Tisa," akacheka kicheko cha dada yangu, kilekile cha kupandisha mwishoni. Walikuwa wamemfundisha.

Nilidhani jiji litaasi. Nilidhani watu watajaa getini. Majirani walisema tu kwamba dada wa redio ana mafua, na wiki iliyofuata hata mafua waliyasahau. Basi nikachana karatasi ya daftari la hesabu, nikaandika: Wewe si Dada Saa Tisa. Dada Saa Tisa ni Goreti, dada yangu, na jina nilimpa mimi. Rudisha. Nikaweka jina langu na mtaa wangu, nikatembea peke yangu mpaka kituoni na kuitumbukiza sandukuni. Siku mbili baadaye Goreti alikuwa anachambua mchele jikoni, mimi nimesimama chini ya redio, barua ikasomwa.

"Tuko na Devota wa Kibenga. Anasema anatupenda sana, na anasalimia dada yake Goreti. Merci, mutoto muzuri." Wimbo ukaingia.

Goreti alicheka mpaka sinia likamponyoka na mchele ukamwagika sakafuni. "Devo, umenitumia salamu," alisema, akifuta macho. Nilitaka alie. Nilitaka avunje ile redio vipande vipande. Aliinama akaanza kuokota mchele, nami nikatoka nje nikamchukia, yeye na mkurugenzi na yule msichana na kila aliyekuwa na redio Bujumbura.

Siku hizi kijana anafungua ukurasa kwenye simu, anaonyesha uso wake, anapiga muziki anaoutaka, na akigombana na bosi anaondoka na jina lake na wasikilizaji wake wote. Nawaonea wivu waziwazi. Na kwenye harusi, watu wa rika langu wakishaanza kukumbuka, hakosekani wa kusema, "Mi nilikuwa napenda sana ule Dada Saa Tisa. Alitutuliza mu vita." Huwa nauliza, "Yupi?" Walikuwa wanne kabla kipindi hakijafa. Wananitazama kama nimelewa.

Goreti anaishi Uvira, mume wake mwalimu, yeye anashona nguo. Hana kinyongo, na amani yake hiyo nimeshindwa kuizoea. Binti yake mkubwa hajui kwamba mama yake aliwahi kusema redioni. Goreti amenikataza nisimwambie. Anasema ni mambo madogo ya zamani. Lakini mtoto huyo anapenda kusoma, na haya nimeyaandika kwa lugha anayoijua, na nitamtumia mwenyewe. Goreti akikasirika, akasirike. Nimengoja miaka yote hii nimwone akikasirika.