Sanduku Alilojitengenezea Mutinda

Hamjambo nyote mnaosoma hapa? Natumai mko wazima, na walio wagonjwa Mungu awashike. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio umechoka. Akili bado inakataa. Tangu Jumapili, mtu akibisha hodi nadhani ni yeye.

Mutinda wetu wa mtaa wa Kambi Muru ametuacha.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa fundi wa sanamu, lakini za vitu vilivyotupwa: makopo, pasi zilizoungua, soli za viatu, redio zilizonyamaza.

Tulijuana miaka ya themanini pale Soko la Toi, mimi nikiuza mitumba. Wenzake wa Kitui walikuwa wanachonga twiga wa kuuzia watalii, wakamcheka, "Wewe Mkamba gani hushiki mti?" Akajibu polepole, "Mti haujanikosea."

Akipita kwangu kutafuta vitu alisema, "Mama Mwende, usinipe kitu kizuri. Nipe kile ulinunua ndio jirani akione."

Na nilikuwa nacho. Nyumbani kwangu, Kawangware 46, kulikuwa na televisheni iliyokufa. Niliiacha sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma, wageni wasijue. Yeye alijua. Kila akiingia: "Marehemu anaendeleaje?"

"Amelala. Kunywa chai."

Siku ya mavuno kanisani, kila mtu akitoa alichojaliwa, Mutinda alileta mtu wa makopo. Tumbo la debe, kichwa kidogo kama kijiko, mikono mingi, na kila mkono umeshika pakiti tupu. Mzee wa kanisa akasimama. "Bwana Mutinda, toa hiyo. Hapa hatuabudu sanamu."

"Hii hakuna mtu anaiabudu, mzee. Zile tunaziabudu tumeziacha nyumbani, tumezifunika vitambaa."

Akina mama tuliangalia chini.

Kesho yake nilimpelekea ile televisheni. Hakucheka. Aliuliza tu, "Una hakika? Wageni wataangalia nini?"

Nikamwambia watatuangalia sisi.

Sasa niwaambie kinachonichosha. Ndugu zake kwenye kamati ya mazishi wanataka jeneza la kung'aa lenye dirisha la kioo, msafara wa magari yenye maua, na tisheti zenye uso wake. Lakini Mutinda alipoanza kuugua alijitengenezea sanduku lake mwenyewe, kwa mbao za makasha ya sabuni na mabati ya makopo ya mafuta. Ubavuni bado pameandikwa HUTOA MADOA. Mimi kama Mkristo hapo nasema amina.

Bibi yake, Kalondu, anaomba azikwe ndani ya hilo. Kaka mkubwa anasema, "Tutachekwa Kitui nzima."

Kalondu akamwambia, "Shemeji, huyu alichekwa miaka yote na hakuna siku alikosa usingizi."

Kwenye grupu la mazishi kwenye simu hakuna aliyemuunga mkono ila mimi. Kesho jioni kamati inaamua. Nimeomba mpaka maneno yakaisha. Naogopa tutamzika ndani ya kitu alichokikataa maisha yake yote, kisha turudi nyumbani tukisema tumempa heshima.

Mutinda, ndugu yangu, lala kwa amani ya Bwana. Umefanya sehemu yako. Hii iliyobaki ni yetu, na ni nzito.

Na nyinyi mliomjua, picha za mishumaa msiniwekee hapa. Ingieni kwenye grupu mseme mko na Kalondu, kabla ya kesho jioni. Nijibuni mapema, tafadhali.