Nani Anakujua Hapa?

Shuleni kwetu Randburg, jijini Johannesburg, mwalimu aliyetoka Kenya nilikuwa mimi peke yangu. Siku hiyo darasa langu la historia lilisoma nakala za pasi, vile vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba enzi za ubaguzi wa rangi, kisha tukaigiza ofisi ya kutoa vibali. Mwanafunzi wa kuomba kibali hakuja shuleni, nikachukua nafasi yake. Karani alikuwa msichana mpole ambaye wazazi wake walitoka Tanga.

"Nani anakujua hapa Johannesburg?" akaniuliza kwa Kiingereza, sauti kavu. "Nitajie mtu mmoja."

Nilidhani nitabuni jina tu, lakini halikuja. Nilimfikiria mlinzi wa fleti ninayopanga, nikakumbuka kwamba hata naye hatujawahi kuulizana majina. Nikaiinamia nakala ya pasi mkononi. Darasa likapiga makofi, likidhani naigiza vizuri.

Kengele ilipolia, msichana yule alibaki nyuma.

"Pole, mwalimu," akasema kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akikizungumza.

"Asante, mwanangu."

Nilitamani aongeze hata neno moja, lakini wenzake walimwita kwa Kizulu, akakimbia. Nikafuta ubao, nikaketi kidogo kabla ya kwenda nyumbani.